Kanisa Likilipa Kodi, Maskini Anapata au Anakosa?

SWALI: "Mimi ni mhazini wa usharika mdogo pembezoni mwa mji wa Morogoro. Tuna kanisa, nyumba ya mchungaji, zahanati, ukumbi tunaoukodisha kwa harusi, na fremu sita za maduka zinazotazama barabara. Vijana wetu wameleta hoja kwamba makanisa yote yalipe kodi, kwa sababu wachungaji wanatajirika huku mama anayeuza mboga gengeni anakamuliwa. Wanasema hata Ujerumani makanisa yanalipa. Wazee wanajibu kwamba sadaka ni mali ya Mungu, na serikali ikiigusa, wajane na yatima tunaowasaidia watakosa. Mimi niko katikati na madaftari ya hesabu. Je, kisheria tunadaiwa au hatudaiwi? Na kwa haki kabisa, kanisa likilipa kodi, maskini anapata au anakosa?"

JIBU: Ndugu yangu mhazini, vijana wako na wazee wako wanabishana juu ya hali ambayo haipo. Vijana wanaamini kanisa halilipi kodi hata moja. Wazee wanaamini kwamba Mamlaka ya Mapato (TRA) ikifungua daftari la sadaka, mfuko wa diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, umekwisha. Yote mawili si kweli. Basi nianze na sheria ilivyo, ndipo tuje kwenye haki, maana hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi na ndilo zito zaidi.

Kanisa lako linalipa kodi kila mara mnapokwenda dukani. Mkinunua simenti na mabati ya shilingi 1,180,000, humo ndani shilingi 180,000 ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwenye VAT hurudishiwa ile aliyolipa wakati wa kununua, kwa kuikata kwenye ile anayokusanya kwa wateja wake. Ninyi hamwezi, kwa kuwa ibada haiuzwi. Zahanati yenu nayo iko hivyo hivyo. Huduma ya afya imesamehewa VAT, kwa hiyo mgonjwa hatozwi asilimia 18 juu ya ada ya kumwona daktari, lakini VAT mliyolipa kwenye sabuni, vitanda na rangi ya ukuta inabaki kwenu na inajificha ndani ya gharama. Wengi husikia neno "msamaha" wakafikiri mzigo wote umetuliwa. Mara nyingi umehamishwa tu.

Mishahara nayo haina ulokole. Muuguzi wa zahanati, katibu wa usharika, mlinzi na mchungaji mwenyewe, yeyote anayelipwa zaidi ya shilingi 270,000 kwa mwezi anapaswa kukatwa kodi ya ajira, na ninyi kama mwajiri mnapaswa kuifikisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Tozo ya mafunzo ya ufundi, ile tunayoiita SDL, ina nafuu kwa watumishi walioajiriwa kwa kazi ya ibada na mafundisho ya dini peke yake. Nafuu hiyo haimfuniki kila mtu aliyemo kwenye orodha yenu ya malipo, kwa hiyo watenganisheni wa madhabahuni na wengine wote.

Sasa tuje kwenye sadaka. Kodi ya mapato ya taasisi hutozwa juu ya kinachobaki baada ya kutoa gharama halali za kazi yenyewe. Usharika unaokusanya milioni 60 kwa mwaka na kuzitumia zote kwa mishahara, umeme, ukarabati, dawa na misaada haujabakiwa na kitu. Hata sheria ingefutwa kesho na makanisa yakatozwa asilimia 30 kama kampuni yoyote, asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Hapa ndipo hoja ya vijana inapopungua nguvu kuliko wanavyofikiri: kuyatoza makanisa madogo hakutaleta fedha nyingi serikalini, kwa sababu mengi yanaishi kutoka Jumapili hadi Jumapili. Na hapo hapo hofu ya wazee inapungua, kwa kuwa fedha iliyokwisha kumfikia mjane si faida ya mtu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeliweka jambo hili kwa namna ambayo ningependa kila mhazini aijue. Taasisi ya dini au ya hisani haipati nafuu kwa sababu tu ina msalaba juu ya paa au jina takatifu kwenye kibao. Inaipata kwa kupewa uamuzi wa maandishi wa Kamishna Mkuu wa TRA unaoitambua hivyo. Ikishatambuliwa, inaruhusiwa kutoa kwenye mapato yake kila shilingi iliyotumika kwa kazi iliyoanzishiwa, na juu ya hiyo inaruhusiwa kubakiza robo, yaani asilimia 25, kama akiba. Kinachozidi hapo bila kutumika ndicho kinachotozwa.

Tuweke namba. Sadaka na michango yenu kwa mwaka ni milioni 60. Robo yake ni milioni 15, hizo mnaweza kuziweka bila kutozwa. Zinabaki milioni 45 ambazo sheria inatarajia ziende kwenye kazi. Mkitumia zote 45, hakuna kodi. Mkitumia 35 tu, milioni 10 zimekaa benki bila kazi, na asilimia 30 yake ni milioni 3. Kama mnakusanya kwa ajili ya mradi mkubwa, tuseme kujenga wodi ya wazazi kwa miaka mitatu, mwombeni Kamishna mapema kibali cha kuweka akiba zaidi. Msingoje mpaka mkaguzi aulize kwa nini fedha zimelala.

Angalia kanuni hiyo inasema nini. Haiulizi kama kanisa ni tajiri au maskini. Inauliza fedha zimeishia wapi. Mimi nadhani hilo ndilo swali ambalo vijana wako na wazee wako wangeweza kukaa meza moja kulijibu.

Kuna jambo moja la kiutaratibu ambalo nimeliona likizitesa sharika nyingi. Usharika kwa kawaida si mtu kisheria. Ardhi, akaunti na mikataba viko chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mara nyingi bodi hiyo ni ya dayosisi au ya kanisa zima. Kwa hiyo usianze kwa kuomba uamuzi wa Kamishna kwa jina la usharika. Anza dayosisi. Uliza kama uamuzi upo, ni wa tarehe gani, na kama unazitaja shughuli za zahanati. Uliza pia TIN (namba ya mlipakodi) mnayotumia ni ya nani, na ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato kwa TRA, inawasilishwa na nani, maana kupewa uamuzi wa Kamishna hakuwaondolei wajibu wa kuwasilisha ritani. Usharika unaojitafutia TIN yake kimyakimya, kisha unakaa miaka bila ritani, hujikuta una faini ambazo sadaka za miezi kadhaa haziwezi kuzimaliza.

Fremu na ukumbi ni habari nyingine kabisa, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fremu sita zinazotazama barabara ni uwekezaji. Ukumbi wa harusi ni biashara. Mwenye duka la vipodozi anayewalipa pango hanunui neno la Mungu, ananunua eneo lenye wapita njia. Pango lake ni mapato yanayoingia kwenye hesabu ya kodi, na mpangaji anayefanya biashara anapaswa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, aipeleke TRA na kuwapa ninyi uthibitisho. Kwenye ukumbi, bwana harusi ana haki ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Yapo makanisa yanayoandika "sadaka ya ukumbi" kwenye kitabu cha stakabadhi yakidhani jina limebadilisha jambo. Kama kuna bei, kuna tarehe, na asiyelipa hafunguliwi mlango, hiyo si sadaka.

Na kodi ya majengo: jengo linalotumika hasa kwa ibada ya watu wote limesamehewa. Nafuu hiyo haifiki kwenye nyumba ya kuishi mchungaji wala kwenye jengo la sherehe. Tangu 2023, nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia umeme wa LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo, na nisingependa mtumie kikao kizima kukijadili.

Labda utauliza wazo la kulisamehe kanisa lilitoka wapi, maana wazee husema ni agizo la Mungu na vijana husema ni ujanja wa wamisionari. Ukweli una historia ambayo kwa watu wa Mbeya na Rungwe ina ladha ya pekee. Mwaka 1813 mwanamke mmoja Mwingereza aliweka ardhi yake chini ya wadhamini ili sehemu ya pango lake isaidie umisionari wa Wamoravian nje ya Ulaya. Miaka mingi baadaye maofisa wa kodi ya mapato wa Uingereza wakakataa kuisamehe fedha hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba hisani maana yake ni kuwasaidia maskini, basi. Kuhubiri si hisani. Mhazini wa Wamoravian, aliyeitwa Pemsel, akaenda mahakamani, na shauri likafika mpaka Baraza la Malord. Mwaka 1891 likaamua kwamba mbele ya sheria ya kodi hisani ina milango minne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii. Mwaka huo huo wa 1891 wamisionari wa Moravian walikuwa wanafika Rungwe.

Uamuzi ule ulisafiri na sheria za Kiingereza hadi kwetu, na harufu yake bado imo. Sheria yetu inapozungumzia kuondoa umaskini au dhiki ya umma na kuendeleza elimu, inaongea lugha ya kesi ya Pemsel. Kwa hiyo ubishi wa kikao chenu ni wa kale: je, kanisa linasamehewa kwa kuwa linamsaidia maskini, au kwa kuwa ni kanisa? Majaji wale walisema dini peke yake inatosha. Vijana wako wanauliza kama jibu hilo bado linafaa, na wana haki ya kuuliza. Lakini angalia pia kwamba kesi yote ilihusu pango. Fremu zenu si tatizo jipya duniani.

Wakenya, kwa mfano, wamelijibu kwa namna yao. Huko taasisi ya dini huomba cheti cha msamaha KRA, mamlaka yao ya mapato, na cheti hudumu miaka mitano, kisha inabidi kuomba upya na kuonyesha hesabu. Faida ya biashara husamehewa tu ikiwa yote inatumika kwa madhumuni ya taasisi, na hata hapo biashara yenyewe iwe sehemu ya kazi ya taasisi, au iwe inaendeshwa zaidi na wanufaika wenyewe, au iwe ni pango. Maana yake fremu zenu zikiwa Voi zingetazamwa kwa jicho laini kuliko zikiwa Morogoro. Mimi naona kile kipengele cha kurudi kila baada ya miaka mitano kina busara, kwa sababu taasisi hubadilika. Iliyoanza kwa kulea yatima inaweza kuishia kuendesha hoteli.

Kuhusu Ujerumani, waambie vijana wameisikia habari vibaya. Kule kuna kodi ya kanisa, lakini anayelipa ni muumini. Serikali huikata pamoja na kodi yake ya mapato, asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kutegemea jimbo, kisha hulipelekea kanisa lake. Asiyetaka hujiondoa rasmi katika uanachama. Kwa hiyo serikali inalikusanyia kanisa fedha, hailitozi. Mfano unaowafaa zaidi ni Italia. Huko majengo ya Kanisa yenye shughuli za kibiashara yalipata msamaha wa kodi ya majengo kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikabatilisha uamuzi uliokuwa umeiruhusu Italia isiidai kodi ile ya nyuma. Mgogoro ule haukuhusu altare. Ulihusu shule za kulipia na nyumba za wageni, na hoja kubwa ilikuwa ni ushindani: aliye jirani na anafanya biashara ile ile analipa, kwa nini huyu asilipe?

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo maskini wa kwanza anapoonekana, na ni maskini ambaye wazee wako hawamtaji. Fikiria mjane aliyejenga ukumbi mdogo mtaani kwa mkopo wa benki. Analipa kodi ya mapato, anatoa risiti za EFD, analipa leseni. Ukumbi wa usharika uko mita mia mbili kutoka kwake, na ukiachwa usilipe kitu, unaweza kukodishwa kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia. Msamaha uliokusudiwa kumsaidia mjane unamfilisi mjane. Kanisa halikukusudia hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyofanya kazi.

Maskini wa pili ni yule mama wa gengeni. Tanzania hukusanya kodi ya kiasi cha asilimia 12 au 13 tu ya pato la taifa, na serikali isipopata kwa wenye nacho huegemea zaidi kodi za manunuzi, ambazo humpata kila anayenunua sabuni. Msamaha wowote, uwe wa mgodi, wa mwekezaji au wa kanisa, ni fedha ambayo mtu mwingine ataijazia. Mama huyu pia hana nafuu yoyote anapotoa sadaka. Kampuni ikichangia taasisi ya hisani inayotambuliwa, inaweza kukata mchango huo kwenye hesabu zake hadi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Yeye akitoa elfu moja yake iliyokunjwa mara nne, ametoa elfu moja kamili. Kwa hiyo kanisa linapokaa na fedha zisizotozwa, limekaa na kitu ambacho mama huyu amekilipia mara mbili: kwa sadaka yake, na kwa kodi anayoilipa badala ya aliyesamehewa.

Lakini yupo maskini wa tatu, na vijana wako nao wasimruke. Ni mgonjwa wa zahanati yenu. Katika sehemu nyingi za nchi hii kituo cha afya kilicho karibu ni cha kanisa. Serikali yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana mwaka 1992 ilisaini makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Jumuiya ya Kikristo (CCT) kuhusu huduma za jamii, na ndiyo maana hospitali za makanisa katika wilaya kadhaa zilifanywa hospitali teule, serikali ikichangia mishahara na uendeshaji. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilitaifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa Kanisa. Zahanati ya aina yenu kwa kawaida haina faida, ina upungufu unaozibwa na sadaka. Ukiipandishia gharama kwa kodi au kwa masharti ya makaratasi ambayo hamna mhasibu wa kuyatimiza, mtapandisha ada au mtafunga. Atakayetembea kilomita ishirini kwenda kutafuta dawa ya malaria ya mtoto si mchungaji.

Jambo hili lilishajaribiwa. Katika bajeti ya Juni 2009 Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alipendekeza kuondoa sehemu kubwa ya misamaha ya kodi kwa taasisi za dini na mashirika yasiyo ya kiserikali. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walipinga kwa nguvu, na serikali ikarudi nyuma. Wengi walishangilia. Mimi naona tulipoteza nafasi. Pendekezo lilikuwa pana mno, likachanganya dawa za hospitali na magari ya kifahari katika kapu moja, na kwa hiyo upinzani nao ukawa mpana mno. Hakuna aliyelazimika kueleza lipi lisamehewe na lipi lisisamehewe.

Kwa hiyo nikikujibu kwa haki kama ulivyoomba, msimamo wangu ni huu. Kutoza sadaka ni kosa: kutaingiza kidogo, kutaumiza sharika ndogo zisizo na wahasibu, na kutawaacha wakubwa wenye mawakili wakipenya. Kuacha kila kitu kipite bila hesabu ni kosa pia, na katika nchi yetu nadhani ndilo kosa kubwa zaidi, kwa sababu hujificha nyuma ya heshima tuliyo nayo kwa dini. Ibada isamehewe. Zahanati na shule zinazowapokea kweli wasio na uwezo zisamehewe. Biashara za kanisa zilipe kama biashara za jirani, na faida itakayobaki baada ya kodi iende diakonia. Na kila taasisi inayofurahia msamaha isome hesabu zake hadharani, mbele ya waliotoa. Hayo hayo nawaambia wanaosimamia misikiti na mali za wakfu, kwa kuwa sheria ya kodi haituulizi tunaswali wapi.

Msimamo huu una gharama, na sitaificha. Kutenganisha vitabu vya zahanati, ukumbi, fremu na ibada ni kazi. Usharika mdogo utahitaji mtu wa kuufundisha, na TRA ingehitaji maofisa wenye subira ya kueleza kabla ya kuadhibu. Lakini kazi hiyo unaweza kuianza wewe bila kungoja sheria yoyote ibadilike.

Chukua hesabu za mwaka jana. Jumlisha kila shilingi iliyoingia. Kisha jumlisha zile zilizomfikia mtu mhitaji moja kwa moja: dawa zilizotolewa bure, ada za wanafunzi, unga wa wajane, nauli ya mgonjwa wa rufaa. Gawanya. Ikitoka sehemu kubwa, utakuwa na jibu la kuwapa vijana ambalo hawatalipata mtandaoni. Ikitoka asilimia mbili au tatu, wazee hawawezi tena kusema kwamba wanawalinda wajane dhidi ya TRA, kwa sababu hata sasa wajane hawapati. Usiogope namba hiyo. Isome kikaoni kama ilivyo, na wape wote muda wa kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Nisilisahau suala la wachungaji kutajirika. Hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Anacholipwa mtu kwa sababu ya utumishi wake ni mapato yake ya ajira, hata kikiitwa posho, malimbuko au kumtegemeza mtumishi. Gari na nyumba alivyopewa na mwajiri navyo vina kanuni zake za kukadiriwa. Mchungaji anayeishi kwa fahari kutokana na sadaka hajasamehewa na sheria. Anakuwa amesamehewa na wahazini waliomkabidhi bahasha bila kuandika. Dawa yake haihitaji kodi mpya: fedha zote ziingie kwenye akaunti ya kanisa, malipo yote yatoke kwa hundi au uhamisho wa benki, na kodi ya ajira ikatwe. Hilo litakuletea maneno. Omba kamati ya fedha ilipitishe kwa muhtasari uliosainiwa ili lisibaki kuwa ugomvi wako na mtumishi.

Haya niliyokuandikia yanatosha kukuelekeza, hayatoshi kukutetea. Kuna mahali lazima uonane na mtu ana kwa ana. Kama zahanati yenu ina ada zinazolingana na za binafsi, kama mna mapato ya fremu ya miaka iliyopita ambayo hayajawahi kuingia kwenye ritani yoyote, au kama hamjui uamuzi wa Kamishna uko kwa jina la nani, tafuteni mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, na mwende naye pamoja na mtu wa dayosisi. Na kama barua ya makadirio imeshafika, usiiweke kwenye droo kusubiri kikao cha mwezi ujao. Mnazo siku 30 tu za kuwasilisha pingamizi, na ili lipokelewe mtatakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi msichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akikubali ombi lenu la kupunguziwa. Msiporidhika na jibu lake, kuna Bodi ya Rufani za Kodi.

Mkienda, bebeni mikataba ya fremu, vitabu vya ukumbi, orodha ya mishahara na taarifa za benki. Kama kuna kilichoachwa nyuma, kisemeni wenyewe kabla ya kuulizwa, na siku hiyo hiyo ombeni kwa maandishi kulipa kwa awamu, mkitaja kiasi ambacho mapato ya fremu peke yake yanaweza kukimudu kila mwezi bila kugusa fedha za dawa.